Kutoka Kigoma hadi Ilagala: fahamu kazi ya dereva wa lori la vifaa vya ujenzi

Kila tunapogusa bei ya vifaa vya ujenzi kwenye kipindi cha asubuhi, ujumbe unaotoka Ilagala na ng'ambo ya mto huwa ni uleule: kwa nini mfuko wa saruji unazidi kuwa ghali kadiri unavyokwenda kusini? Jibu fupi ni usafiri. Jibu refu limekaa kwenye kiti cha dereva wa lori la bodi wazi, yule anayepakia mjini alfajiri, anavuka Malagarasi, anashusha Sunuka au mbele zaidi, na jioni anahesabiwa mifuko iliyochanika kabla hajahesabiwa posho yake.

Tumeandaa makala haya kwa watu wa aina mbili. Wa kwanza ni vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi hii, maana maswali yao ni mengi. Wa pili ni ninyi mnaojenga, mnaoagiza mzigo na kuusubiri uani huku fundi amekaa na mwiko mkononi.

Bodi wazi ni lori gani?

Ni lori ambalo sehemu ya mzigo haina boksi wala paa. Kuna la bodi tambarare kabisa, na kuna lenye mbao au vyuma vya pembeni vinavyofunguka. Huku kwetu mengi ni ya aina ya pili, na wengi huyaita Fuso hata kama yametengenezwa na kampuni nyingine. Magari makubwa ya kichwa na trela hufika mjini Kigoma yakitoka Dar es Salaam na kwingineko, lakini si mengi yanayoteremka mwambao kwenda kusini. Mzigo huhamishwa kwenye magari madogo, yanayoweza kugeuka kijijini na kupanda kivukoni bila shida.

Faida ya bodi wazi ni kwamba unaweza kupakia na kushusha kutoka pande tatu, na hata juu kama kuna kreni. Mbao ndefu, mabati, nondo, mabomba, matangi ya maji, vyote vinaingia. Hasara yake kila mjenzi anaijua: mvua haibishi hodi.

Mzigo unatoka wapi?

Kigoma ni mwisho wa Reli ya Kati, iliyofika hapa mwaka 1914, na hadi leo saruji na nondo huja kwa mabehewa na kwa malori. Mkoa uko mbali na viwanda vikubwa vya saruji vya nchi hii, vilivyoko Dar es Salaam, Tanga, Mbeya na Mtwara. Kwa hiyo mfuko ukiwasili mjini tayari umeshabeba gharama ya safari ndefu. Safari ya Ilagala ni kipande kidogo cha mwisho, ila kwa kilomita moja moja ndicho kigumu zaidi.

Mchanga, mawe, kokoto na matofali ya kuchoma hupatikana karibu na eneo la ujenzi. Hizo ni kazi za tipa na matrekta, na safari zake ni fupi. Dereva wa bodi wazi anaishi kwa saruji, nondo, mabati, mbao, na vitu vidogovidogo vinavyojazia nafasi: misumari, rangi, masinki, milango.

Ukitoka mjini unashika lami ya kuelekea Uvinza, kisha Simbo unachepuka kufuata barabara ya Simbo–Ilagala–Kalya. Hapo sehemu kubwa ni vumbi. Kiangazi dereva anapambana na mashimo na vumbi linaloziba kichujio cha hewa. Masika anapambana na tope. Ukifika Ilagala kuna mto. Malagarasi, unaokusanya maji ya eneo kubwa la magharibi mwa nchi, unamwagika Ziwa Tanganyika karibu na hapo. Daraja la Kikwete liko mbali juu ya mto, kwenye barabara ya Kigoma–Tabora, na halimsaidii mtu anayekwenda Sunuka. Huku chini watu na magari huvuka kwa kivuko cha TEMESA, kati ya Ilagala na Kajeje.

Ng'ambo barabara inaendelea kusini kupitia vijiji vya mwambao kuelekea Sigunga, Igalula, Buhingu na Kalya. Kadiri unavyosogea huko, lori linapata mshindani: boti za mbao zinazopakia Kibirizi na Ujiji. Boti haina pancha wala haikwami kwenye tope, ila saruji na mawimbi si marafiki. Ndiyo maana wenye maduka wengi, barabara inapopitika, humtafuta mwenye lori kwanza.

Kupakia: hapa ndipo safari inapoharibikia

Tukae hapa kidogo, maana madereva wenyewe husema ajali nyingi za mzigo huanzia ghalani, si barabarani.

Anza na hesabu. Mfuko wa saruji ni kilo 50, hivyo mifuko 20 ni tani moja, na mifuko 200 ni tani 10. Nondo zinawachanganya wengi kwa sababu mnunuzi anazihesabu kwa vipande na barabara inazihesabu kwa uzito. Nondo ya kawaida ina urefu wa mita 12. Ya milimita 10 ina uzito wa kilo 7.4 hivi, ya milimita 12 kilo 10.7, na ya milimita 16 karibu kilo 19. Maana yake tani moja ni kama nondo 135 za milimita 10, au 94 za milimita 12, au 53 tu za milimita 16. Mteja anaposema "niongezee nondo 50 za kumi na sita, si nyingi hizo", kwa kweli anamwambia dereva aongeze karibu tani nzima.

Mchanga nao una ujanja wake. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ni kama tani 1.6. Ukilowa, mzigo uleule unaweza kukaribia tani 2. Bodi haijaongezeka ujazo, ila chesisi inajua.

Sheria inasemaje? Tanzania inatumia Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, iliyoanza kutekelezwa nchini mwaka 2019. Inagusa magari yenye uzito wa kuanzia tani 3.5. Ekseli ya mbele ya usukani mwisho tani 8. Ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne, tani 10. Ekseli mbili za nyuma zilizokaa pamoja, tani 18. Gari zima, liwe na ekseli nyingi kiasi gani, lisizidi tani 56. Kwa hiyo lori la ekseli mbili kisheria halivuki tani 18, pamoja na uzito wa gari lenyewe, mafuta, dereva na utingo. Kama gari tupu lina tani 7, zilizobaki ni 11, na hapo bado hujaangalia kibao cha mtengenezaji, ambacho kinaweza kutaja kiasi kidogo zaidi. Kiasi kidogo ndicho kinachofuatwa.

Jambo ambalo dereva mgeni hulisahau ni kwamba unaweza kuwa chini ya uzito wa jumla na bado ukakamatwa, kwa sababu umerundika mzigo nyuma. Ekseli ya nyuma inazidi, ya mbele inapungua, usukani unakuwa mwepesi, na kwenye mteremko wa vumbi gari linakwenda linakotaka. Mzito uwekwe chini na usambazwe kwa urefu wa bodi, kuanzia mbele. Makuli hupenda kupakia karibu na mlango wa nyuma kwa sababu ndiko wanakosimama. Dereva anayebaki kwenye kiti akinywa chai huku wanapakia amekubali wampangie gari lake.

Saruji haiwekwi juu ya bodi tupu. Tanguliza chaga au mbao, kisha turubai moja chini na jingine juu, lile la juu likishuka pembeni kama nguo na si kama kofia. Panga mifuko kwa kupishana, safu ya juu ikifunga viungo vya safu ya chini, kama fundi anavyopanga tofali. Ukiipanga nguzo nguzo, kona ya kwanza itakuonyesha.

Nondo ni hatari ya aina nyingine. Bodi ya Fuso ni fupi kuliko mita 12, kwa hiyo wauzaji huzikunja katikati, au zinapakiwa zikiwa zimenyooka na kutokeza nyuma. Zikitokeza, ncha zifungwe kitambaa chekundu mchana, na taa au kiakisi usiku. Lakini hatari kubwa iko mbele. Dereva akifunga breki ghafla, gari linasimama na nondo zinaendelea na safari, na kilicho mbele yake ni ukuta mwembamba wa kabini na migongo ya watu wawili. Nondo lazima zigusane na ukuta wa mbele wa bodi, ambao uwe imara, zifungwe kwa mafungu, na kila fungu lizungushiwe mnyororo ili likazwe lenyewe kabla ya kufungwa kwenye gari. Kamba ya katani ni ya turubai. Chuma kinafungwa kwa mnyororo au mkanda wa kukaza.

Nguvu ya kufunga ipimwe vipi? Mwongozo wa serikali ya Uingereza kuhusu ufungaji wa mizigo unaeleza kwa namna rahisi kukumbuka: vifungio viweze kuzuia uzito wote wa mzigo usiende mbele, na nusu ya uzito huo usiende pembeni wala nyuma. Ukibeba tani 6 za nondo, jiulize kama minyororo yako na ukuta wa mbele kwa pamoja vinaweza kuzuia tani 6. Wengi wetu tumezoea kujiuliza tu kama mzigo hautaanguka pembeni.

Mabati yanaonekana mepesi na ndiyo sababu yanadharauliwa. Upepo ukiingia chini ya bati la juu linapeperuka, na bati linaloruka barabarani ni panga. Weka mbao nzito juu, funga kuvuka, na ukishatembea kilomita chache simama ukaze upya. Mzigo wowote hujipanga wenyewe gari likianza kutikisika, na kamba iliyokuwa imekaza ghalani huwa imelegea kabla ya Simbo.

Halafu kuna abiria. Tunajua usafiri wa mwambao ni mgumu, na tunajua mama mwenye kikapu akisimamisha lori ni vigumu kumpita. Lakini mtu aliyekaa juu ya saruji au nondo hana cha kumshika. Mzigo ukihama, yeye ndiye wa kwanza chini yake. Hapa hatuna maneno ya kulainisha: usimpandishe.

Kivukoni

Mtu akizungumzia kivuko, Watanzania wengi hukumbuka Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria, na kuua zaidi ya watu 200. Chombo kile kilikuwa na uwezo wa abiria 101 na kilizidishiwa sana. Kati ya mizigo iliyotajwa kuwamo, saruji ilikuwepo.

Malagarasi pale Ilagala si Ziwa Victoria, ila hesabu ya uzito haibadiliki. Dereva wa saruji mara nyingi ndiye mwenye gari zito kuliko yote kwenye foleni. Mwambie mhudumu uzito wa kweli. Ukisema tani 5 na una 10, atakupanga upande mmoja kana kwamba una 5. Utingo na abiria wa kabini washuke na kupanda kwa miguu. Shuka kwenye njia ya kupandia kwa gia ndogo, bila kukanyaga na kuachia. Ukishasimama zima injini, vuta breki ya mkono, weka gia, na utingo atie kabari mbele na nyuma ya matairi. Kabari mbili za mti mgumu hazigharimu kitu, na bado si kila lori linazo.

Mvua zikizidi, mambo hubadilika. Mwaka 2020 na 2021 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda hadi kuingia kwenye nyumba za mwambao, na ziwa likijaa, mdomo wa mto nao hujaa. Dereva anayekwenda kusini wakati wa masika huuliza hali ya maji kabla ya kupakia, si baada. Simu moja kwa mtu aliyeko Ilagala inaokoa siku mbili za kulala foleni na mzigo wa watu.

Mfuko ukichanika, nani analipa?

Hili ndilo lililotusukuma kuandika. Madereva wengi wanatueleza kuwa wakirudi na mifuko iliyolowa au kuchanika, tajiri anakata posho au mshahara hapohapo, bila karatasi wala mazungumzo. Wengine hulipa mwezi mzima.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haimkatazi mwajiri kukata. Inamwekea masharti. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Mwajiri aandike sababu, kiasi na jinsi alivyokipata. Mfanyakazi apewe nafasi ya kujieleza na kupinga. Deni lisizidi hasara halisi. Na makato yasizidi robo ya ujira. Kwa mfano wetu wenyewe: dereva mwenye mshahara wa shilingi 400,000 hawezi kukatwa zaidi ya 100,000 kwa mwezi kwa deni hilo, hata kama hasara ni kubwa.

Angalia sharti la kwanza. Kama turubai la tajiri lina matobo na dereva alishasema, kosa la nani? Kama mifuko ilipakiwa ikiwa imeshachanika, kosa la nani? Hapa karatasi ndiyo inayosema. Kabla ya kutoka ghalani andika kwenye hati ya mzigo idadi, na pembeni andika hali: "mifuko 3 imechanika wakati wa kupakia". Mtunza ghala asaini. Piga picha ya turubai. Ukifika, mpokeaji ahesabu mbele yako na asaini kabla makuli hawajaondoka, maana mfuko unaoondoka na kuli hautarudi kwenye hesabu.

Wapo wanaosema, "mimi ni deiwaka, sina mkataba, sheria hainihusu." Si kweli moja kwa moja. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inaangalia hali halisi: kama mtu mwingine anakuelekeza namna ya kufanya kazi na saa zake, anakupa vifaa, na unategemea kipato chake, unaweza kuchukuliwa kuwa mfanyakazi hata kama mlikubaliana kwa mdomo. Na sheria ya ajira inamtaka mwajiri atoe maelezo ya kazi kwa maandishi. Mkifika kwenye shauri na hana, mzigo wa kuthibitisha masharti unamwangukia yeye.

Shauri linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Ukiachishwa kazi una siku 30 za kulalamika. Kwa migogoro mingine, siku 60. Madereva wengi hupoteza haki hapo tu, kwa kusubiri tajiri apoe.

Tuwe wa haki kwa matajiri pia. Wengi wao ni watu wa hapahapa walionunua gari moja kwa mkopo, na mifuko 10 iliyoganda inaweza kumeza faida yote ya safari. Kwa hiyo turubai zima ni la kumlinda tajiri kabla ya kumlinda dereva, na linagharimu kidogo kuliko ugomvi.

Kuhusu kuumia kazini: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unachangiwa na mwajiri peke yake. Mchango huo haukatwi kwenye mshahara. Muulize tajiri kama amejisajili, na uulize siku unayoanza kazi. Utingo naye aulize. Yeye ndiye anayepanda juu ya mzigo na kuingia chini ya gari, na mara nyingi jina lake haliko popote.

Anayetaka kuanza

Leseni inayohitajika kwa malori ni daraja E. Utatakiwa kuwa na cheti cha mafunzo ya magari makubwa kutoka chuo kinachotambuliwa. VETA na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, ndivyo vinavyojulikana zaidi. Mwenye gari naye anahitaji leseni ya usafirishaji ya LATRA. Gari la mizigo la zaidi ya tani 3.5 mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa, na 50 kwenye makazi. Kwenye vumbi la Ilagala ukifika 80 tutakutangaza kwenye taarifa ya habari.

Njia ya kawaida bado ni kuanzia utingo. Kijana anajifunza kufunga turubai, kubadilisha tairi, kusikiliza breki za upepo, na kusema na makuli bila ugomvi. Mwaka au miwili ya hivyo inamfundisha mambo ambayo darasani hayapo, ila haimpi leseni. Wapo wanaoendesha "kidogo tu" bosi akilala. Ajali ikitokea hapo, bima ina sababu ya kukataa na polisi wana sababu ya kushika.

Safari ya kurudi

Lori la saruji lisiporudi na mzigo, mteja wa Sunuka analipia kilomita za kwenda na za kurudi. Ukanda wa Ilagala una bahati hapo: kuna mawese, mihogo, na dagaa wa ziwani. Dereva mwenye simu za wafanyabiashara wa pande zote mbili hupata nauli nzuri kuliko mwenye gari jipya. Tatizo ni kwamba mapipa ya mawese yakivuja kwenye bodi, mafuta yanabaki kwenye mbao, na safari inayofuata mifuko ya saruji inateleza juu yake na karatasi inalowa. Kwa hiyo kabla ya kupakia tena mjini, utingo husugua bodi kwa maji moto na majivu, anaiacha juani ikauke, ndipo anatandika chaga.